Faiba mpya, nguo za mtumba: baiti 8 zilizoninyima usingizi wiki nzima

Mzee wa Nyaya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa "leo mtandao umekata wapi", humu nina mambo mengine.

Nianze na kisa chenyewe. Mwezi jana nimevutiwa faiba hapa nyumbani Tabata. Vijana wamekuja na ngazi yao, wameshusha kutoka nguzoni kijiwaya chembamba kama ukili, wakatoboa ukuta, wakabandika kiboksi cha faiba, pembeni wakaweka ruta yao. Taa za kijani, spidi safi, sina neno. Shida ni kwamba Wi-Fi ya ile ruta haifiki chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma ndiko anakosomea binti yangu. Nikaenda zangu Kariakoo, nikanunua ruta ya mtumba yenye antena nne, kitu kizito kabisa, ukikishika unaona hapa kuna chuma. Nikarudi, nikachomoa yao, nikachomeka yangu. Taa zote zimewaka. Intaneti hakuna.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa watu, mpole, akaniuliza: "Baba, umeingiza jina na paswedi ya PPPoE?"

Nilikaa kimya kidogo. Mara ya mwisho mimi kuingiza jina na paswedi ndipo nipate intaneti ilikuwa mwaka 2001, ofisini mjini. Modemu ya kilobiti 56, ambayo ukipata 40 unashukuru, inapiga mayowe kama kuku anayekabwa, na bosi anachungulia mlangoni kuuliza nani kashika simu. Leo nina faiba, mwanga unapita kwenye kioo, halafu naulizwa swali lilelile.

Nikaanza kuchimba. Kumbe jibu liko kwenye jina lenyewe. PPP ni utaratibu wa enzi za kupiga simu. Maandishi yake rasmi, RFC 1661, ni ya 1994. Kazi yake ilikuwa mashine mbili zilizo kwenye ncha mbili za waya wa simu zisalimiane, zikubaliane, moja imuulize mwenzake "wewe nani?", kisha data ianze kupita. ADSL (intaneti ya kasi juu ya waya wa simu) ilipoingia, waya wa simu ukawa wazi saa 24 na hakuna tena cha kupiga. Lakini kampuni za intaneti zilikuwa zimeshajenga kila kitu kuzunguka ule upigaji: majina, paswedi, bili, kumkata asiyelipa. Kubomoa yote hayo nani anataka? Februari 1999 watu wa kampuni za UUNET, Redback Networks na RouterWare wakatoa RFC 2516: chukua PPP, iingize ndani ya fremu ya Etheneti (lugha ya kawaida ya waya za mtandao), basi. Hiyo "oE" ya mwisho maana yake ni hiyo tu, juu ya Etheneti. Yaani tunaigiza kupiga simu kwenye waya usiopigwa simu.

Na igizo lenyewe linachekesha. Ruta yako ikiwaka inatuma ujumbe unaoitwa PADI kwa kila aliyeko kwenye waya: hodi! Seva ya upande wa pili inajibu PADO: karibu. Ruta inasema PADR: naingia kwako. Seva inamaliza na PADS: haya kaa hapa, namba yako ya kiti ni hii. Ndipo jina na paswedi zinaulizwa. Kila siku, kila umeme ukirudi, nyumba kwa nyumba, hodi na karibu za mwaka 1999.

Basi nikaweka jina na paswedi, intaneti ikaja. Nikalala nikijua nimemaliza. Kumbe ndo kwanza. Ngoja nile, narudi na sehemu ya pili.

---

Kibatari

Natia nanga hapa. Mzee ukienda kula usilale.

---

Dogo wa 5G

Mzee shikamoo. Ila hizi ni hadithi za wakati wa ukoloni, samahani lakini. Mimi nina boksi la 5G mezani, sina waya, sina PPPoE, sina fundi wa ngazi. Nani bado anahangaika na hivyo vitu?

---

Mzee wa Nyaya

Marahaba mwanangu. Wewe nitakurudia, kaa hapohapo usiondoke.

Sehemu ya pili. Asubuhi binti analalamika: WhatsApp inaingia, video za YouTube zinacheza, lakini tovuti ya chuo chake inazunguka tu. Kimduara kinazunguka dakika tano, ukurasa haufunguki. Tovuti ya benki yangu, hivyohivyo. Nikirudisha ruta yao ya mwanzo, zote zinafunguka. Nikiweka ya Kariakoo, zinagoma. Nilianza kumtukana aliyeniuzia moyoni, Mungu anisamehe.

Siku ya nne nikafungua kile kidirisha cheusi cha Windows nikajaribu hivi:

ping -f -l 1472 8.8.8.8

Ping inatuma pakiti (kifurushi cha data) na kungoja jibu, hiyo -f inasema "usiikate pakiti vipande", na -l ni ukubwa wake. Kimya. Nikaweka 1470. Kimya. 1466, kimya. 1465, kimya. 1464, jibu hilo! Mara nne, chapchap, bila kupoteza hata moja. Nikarudi 1465: kimya. Nikarudia mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Baiti moja tu ndiyo tofauti ya uhai na kifo.

Sasa hesabu. Kwenye 1464 ongeza 28 za vichwa (20 za IP, 8 za ICMP, yaani ujumbe wa ping na wa taarifa za njiani) unapata 1492. Etheneti tangu ilipoandikwa na Digital, Intel na Xerox mwaka 1980 inabeba baiti 1500. Toa 1492. Zinabaki 8. Baiti 6 ni kichwa cha PPPoE, 2 ni za PPP yenyewe. Ile hodi-karibu inalipiwa nauli, baiti 8 kwenye kila pakiti, na mzigo lazima upungue ili utoshe kwenye gari lilelile.

Ruta yao ilikuwa inajua hivyo. Ile ya Kariakoo mwenye nayo wa kwanza aliiandikia 1500 kwa mkono, pengine alikotoka hakukuwa na PPPoE. Kwa hiyo kompyuta ya binti inaiambia seva ya chuo: nitumie mizigo mikubwa tu, nafasi ipo. Seva inatuma ya 1500. Ikifika mlangoni kwa kampuni haipiti, na ule ujumbe wa kuirudia seva kuiambia "punguza mzigo" unazuiwa njiani, maana wasimamizi wengi wa seva wanafunga ICMP yote kwa kuogopa wahuni. Seva inangoja, kompyuta inangoja, wewe unaangalia kimduara. Vitu vidogo kama meseji vinapita bila taabu, ndiyo maana ukimwambia mtu mtandao mbovu anakuonyesha WhatsApp yake inafanya kazi.

Dawa: kwenye ruta, pale penye MTU (ukubwa wa mwisho wa pakiti), nikafuta 1500 nikaandika 1492. Sekunde tano za kazi, baada ya wiki nzima ya kusaga meno.

Swali langu kwa wajuvi: kwenye faiba, mwaka huu, kwa nini bado tumebeba huu mzigo? Ni uvivu au kuna sababu?

---

Fundi Mkali wa Mbagala

Mzee wa Nyaya heshima yako. Mimi ni mmoja wa hao unaowasema, nina kamtandao kangu ka mtaani, wateja kama mia nne hivi, kwa hiyo nitajibu kama mtuhumiwa.

Siyo uvivu. Ni pesa, tena siyo pesa ya vifaa, ni pesa ya kukusanya. Mteja wa kwetu analipa kabla. Akilipa kwa simu, mfumo wangu unapokea, unaandika kwamba jina hili lina siku 30. Siku ya 30 saa ileile ikifika, mfumo unaliambia dude la MikroTik, ruta yangu kuu: huyu mtoe. Kipindi chake cha PPPoE kinakatwa, akipiga hodi tena anaambiwa paswedi yako haifai. Akilipa saa nane usiku, saa nane na dakika moja yuko hewani, mimi nimelala. Spidi yake nayo inatoka hapohapo: jina hili megabiti 10, jina lile 20. Kila kitu kimefungwa kwenye jina.

Na huo mfumo unaomwambia nani aingie nani asiingie unaitwa RADIUS. Unajua hiyo D inasimamia nini? Kupiga simu. Ulitengenezwa na kampuni ya Livingston kwa ajili ya modemu za kupiga simu. Miaka yote hii hata jina hawakubadilisha.

Njia mbadala ipo, inaitwa IPoE. Hakuna jina wala paswedi. Ruta inaomba anwani kwa DHCP kama simu yako inavyoomba kwenye Wi-Fi, na swichi au mtambo wa faiba unaandika pembeni "huyu yuko tundu namba fulani". Anayetambuliwa hapo ni waya, siyo mtu. Ni nzuri, baiti zako 8 zinarudi. Lakini inataka kila swichi njiani iwe na akili ya kuandika hilo tundu, na mimi nusu ya swichi zangu ni zile za elfu thelathini na tano zinazofungwa juu ya dari. Kwenye hizo wateja kumi wako tundu moja. Nitawatenganishaje bila majina? PPPoE inafanya kazi juu ya takataka yoyote, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa ambayo vitabu havisemi.

Halafu vijana wangu wanaijua. Ninayemwajiri leo, kesho anaweza kumfungia mteja. IPoE mpaka nimfundishe, na nikishamfundisha anaajiriwa kwingine.

---

Njoro wa Ploti

Salamu kutoka Nairobi. Wazee mmenifungua macho. Huku kwetu Embakasi kila ploti ina waya umetoka ploti ingine, na caretaker ndiye ajenti. Kitu nimekuwa nikishangaa: stima ikipotea na kurudi, taa ya ruta inawaka kijani mara moja lakini intaneti inakaa hata dakika kumi ndiyo irudi. Tena ni mtaa mzima. Nikiuliza naambiwa ati "subiri ifike". Ifike kutoka wapi?

---

Fundi Mkali wa Mbagala

Hahaha Njoro, hiyo naijua kwa uchungu. Umeme ukirudi ruta mia tatu zinawaka kwa pamoja na zote zinapiga hodi sekunde hiyohiyo. Mlango ni mmoja. Seva inaanza kukagua paswedi moja moja, inazidiwa, zilizochelewa kujibiwa zinapiga hodi upya, foleni inazidi. Ni kama mlango wa daladala Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mimi nimeweka kikomo cha hodi kwa sekunde, wengine wanarudi polepole lakini wote wanarudi. Mwambie jamaa yako naye aweke.

---

Mama Zuu

Jamani nami niulize bila kuchekwa. Nina kamera za ulinzi dukani, Moshi, nataka kuziangalia nikiwa nyumbani. Fundi wa kamera anasema intaneti yangu "haina IP". Sasa kama haina IP mbona inafanya kazi? Au naibiwa?

---

Mzee wa Nyaya

Dada Mama Zuu hakuna wa kukucheka. Unayo, ila unaitumia pamoja na wengi. Ingia kwenye ruta yako, tazama anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianza na 100 na namba inayofuata ikiwa kati ya 64 na 127, uko nyuma ya ukuta wa pamoja. Hilo fungu la namba lilitengwa 2012 kwa kazi hiyohiyo. Anwani za IPv4 ziliandikwa 1981, zote hazifiki bilioni 4.3, zimekwisha kugawiwa, kwa hiyo kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Wewe kutoka ndani kwenda nje unaweza. Mtu wa nje kuja kugonga kamera yako hawezi, maana ukutani hapajulikani ni mlango wa nani. IPv6 ya kutibu hilo iliandikwa mara ya kwanza 1995, utu uzima kabisa, na bado majumbani kwetu wengi hawajaiona.

Kwa leo: nunua kamera zinazojipeleka zenyewe kwenye seva yao, au lipia anwani yako peke yako kama kampuni yako inauza. Fundi hajakudanganya, kaeleza vibaya tu.

---

Bi Mdogo Reading

Asalaam aleikum wanajamvi. Mimi niko Uingereza mwaka wa kumi na mbili sasa, na nimecheka peke yangu kwenye treni. Mnadhani huku mambo ni tofauti?

Nyumba niliyokuwa napanga zamani ilikuwa ya shaba. Faiba inaishia kwenye kabati la kijani barabarani, kutoka pale hadi sebuleni ni waya wa simu uleule uliozikwa kabla sijazaliwa, VDSL, ndugu wa ADSL mwenye kasi zaidi, inasukumwa ndani yake. Jirani aliye mita mia kutoka kabatini anapata spidi nzuri, mimi niliye mbali napata nusu yake, na bei moja. Sasa nimehamia kwenye faiba kamili mpaka ndani. Nikafungua mipangilio: PPPoE! Nilipokuwa kwa BT, kampuni kubwa ya simu ya huku, nikaona kituko zaidi, jina la kuingilia ni moja kwa wateja wote wa nyumbani, limeandikwa wazi. Mteja wanamjua kwa laini yake, siyo kwa hilo jina. Yaani hodi inapigwa, jina linatajwa, na mwenye nyumba hasikilizi, keshakuona dirishani.

Ujerumani kaka yangu yuko Deutsche Telekom, naye PPPoE, tena lazima aweke VLAN 7 (lebo ya namba kwenye kila fremu) la sivyo ruta yake haisikiki.

Kuhusu simu za shaba zenyewe: mtandao wa zamani wa simu huku ulikuwa uzimwe Desemba 2025, wakasogeza hadi Januari 2027. Sababu kubwa ni wazee. Kuna vikongwe wanavaa kidude shingoni, akianguka anabonyeza, kinapiga simu kuomba msaada, na vingi vya hivyo viliundwa kwa laini ya shaba inayoleta umeme wake kutoka kituo cha simu. Faiba umeme ukikatika, imekufa pamoja na nyumba. Jirani yangu bibi wa miaka themanini na kitu ana kidude hicho, na ana haki ya kukataa kuharakishwa. Kwa hiyo mambo ya kale mengine hayabaki kwa uvivu, yanabaki kwa sababu kuna mtu ameyaegemea.

---

Kibatari

Na Wamarekani je? Nasikia AOL, ile kampuni yao ya intaneti ya zamani, wamezima ile ya kupiga simu.

---

Bi Mdogo Reading

Kweli kabisa Kibatari, tarehe 30 Septemba 2025. Ina maana mpaka mwaka huo kulikuwa na mtu Marekani bado modemu inamlilia.

---

Dogo wa 5G

Nimengoja mpaka nimechoka. Mzee ulisema utanirudia. Boksi langu halina hodi wala karibu. Nimeshinda?

---

Mzee wa Nyaya

Usishangilie bado. Kaa vizuri.

Unazikumbuka zile modemu za USB, zilizochomekwa kwenye laptopu kama kiberiti? Ukizifungua kuna sehemu imeandikwa namba ya kupiga: *99#. Hakuna aliyepigiwa. Ilikuwa ni amri ya modemu ya zamani, ATD, "piga", iliyotoka kwa modemu ya Hayes ya 1981, ikivishwa namba ya uongo ili Windows iridhike kwamba simu imepigwa. Na ndani yake kulikuwa na PPP ileile. Sasa hicho kichipu cha 5G ndani ya boksi lako, ukikiunganisha na kompyuta ukakiandikia herufi AT, kitakujibu OK. Mwaka huu. Herufi mbili za 1981.

La pili. Data yako ikitoka kwenye mnara kwenda ndani ya mtandao inawekwa kwenye bomba linaloitwa GTP. G ya hapo siyo ya 5G mwanangu. Ni ya GPRS, ile ya Nokia za kufungua picha moja kwa dakika tatu. Na bomba nalo lina kichwa chake, kinakula baiti zake kama PPPoE inavyokula zangu. Tofauti yetu ni kwamba yangu naiona kwenye ruta yangu, yako imefichwa mnarani.

Jina la APN, lile la mlango wa intaneti uliloandika siku ya kwanza? Nalo ni la GPRS.

---

Dogo wa 5G

Nimenyoosha mikono. Naomba radhi kwa "ukoloni".

---

Fundi Mkali wa Mbagala

Mzee umemaliza, lakini acha niongeze moja maana usiku umekuwa mtamu. Ni ya faiba yenyewe, hata ukiondoa PPPoE.

Hii faiba tunayovuta majumbani karibu yote ni GPON, viwango vyake vilitoka 2003. Gigabiti 2.488 kushuka, 1.244 kupanda, na waya mmoja kutoka ofisini unagawanywa kwa kioo tu, bila umeme, nyumba 32 au 64. Kwa sababu nyumba zote ziko kwenye mwanga mmoja, kila moja inapewa zamu ya kusema. Zamu hizo zinapangwa kwenye fremu, na kila fremu ni maikrosekunde 125. Kwa nini 125? Gawa sekunde moja kwa 125 hizo unapata 8000. Na 8000 ni mara ambazo sauti ya simu hupimwa kila sekunde ili igeuzwe namba, tangu mitambo ya simu ilipoanza kuacha kutuma sauti nzimanzima. Kwa hiyo binti yako akiangalia filamu, mwanga ukutani kwako unapigwa mdundo wa simu ya mezani.

Nyingine. Kile kiboksi cha faiba kinaongozwa kutoka ofisini kwa ujumbe unaoitwa OMCI. Ujumbe wake wa kawaida ni baiti 48, hauzidi haupungui. Waulize 48 imetoka wapi. Imetoka ATM, na siyo ya kutolea pesa: ni utaratibu wa kusafirisha data kwa seli, vipande vidogo vya ukubwa mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mataifa yalikaa kupanga ukubwa wa mzigo wa seli moja: Wamarekani wanataka 64, Wazungu wa Ulaya wanataka 32, hasa Wafaransa, ambao nchi yao inatosha kupiga simu bila mwangwi seli zikiwa ndogo. Wakagombana, wakakata katikati: 48. Namba isiyompendeza mtu yeyote. Ukiweka na kichwa cha 5 inakuwa 53. ADSL ilipokuja ikazibeba hizo seli, na karibu asilimia 10 ya spidi ya mteja ikawa inaliwa na vichwa tu. Faiba za kwanza za majumbani nazo zilibeba ATM. ATM yenyewe sasa imebaki jina, lakini 48 iko ukutani kwa Mzee wa Nyaya, inasubiri amri.

---

Njoro wa Ploti

Yaani tunasurf kwa mwanga uliopangwa na ugomvi wa Wafaransa na Wamarekani. Na mimi nilidhani shida yangu ni caretaker.

---

Kibatari

Fundi, swali la kizushi. Hizo baiti 8 za Mzee haziwezi kurudishwa bila kuacha PPPoE?

---

Fundi Mkali wa Mbagala

Zinaweza. RFC 4638 ya 2006 inaruhusu. Unaongeza ukubwa wa Etheneti upande wa chini uwe 1508, PPPoE inachukua 8 zake, mteja anabaki na 1500 kamili. Lakini ni lazima kila kitu njiani kikubali 1508: ruta ya mteja, kiboksi, swichi ya darini, mtambo wangu. Nilijaribu kwenye mtaa mmoja. Wateja wa swichi nzuri walifurahi, wa swichi za elfu thelathini na tano wakapotea wote, maana zile zikiona kitu kirefu zinakitupa kimyakimya. Nilipigiwa simu mpaka betri ikaisha. Nikarudisha 1492, sijagusa tena.

---

Mama Zuu

Mzee wa Nyaya nimeangalia, inaanza na 100.81. Asante sana, Mungu akubariki. Fundi wa kamera nimemwomba msamaha.

---

Mzee wa Nyaya

Amina dada.

Fundi Mkali, jibu lako nimelielewa na nimelikubali shingo upande. Nilianza huu uzi nikiwa na hasira kwamba tunauziwa kitu kipya chenye utumbo wa zamani. Sasa naona waya ndiyo rahisi kubadilisha. Kijana na ngazi saa moja kamaliza. Kazi iko kwenye daftari la nani kalipa. Hilo hakuna anayetaka kulihamisha mtandao ukiwa unafanya kazi, hata kama limeandikwa kwa kalamu ya modemu. Lakini bado nasema: kama lazima tubebe hizo baiti 8, basi dada wa huduma kwa wateja apewe karatasi yenye namba 1492 aitaje mwenyewe, badala ya kumwambia mteja azime awashe. Mimi nimeambiwa nizime niwashe mara sita.

Taarifa fupi kabla sijalala. Leo baada ya Isha jirani wa chini kanigongea, ametoka Kariakoo na ruta ya antena sita. WhatsApp inaingia, tovuti ya benki inazunguka. Sikumwacha hata amalize maelezo. Nimeshuka na miwani yangu, nikafungua mipangilio, nikakuta 1500, nikaandika 1492. Ukurasa ukafunguka akiwa bado ananieleza jinsi alivyopigwa bei. Mkewe kaniletea sahani ya pilau, nimepanda nayo juu.